Tuzo tumepiga makofi, mtoto hajapimwa

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Profesa wa Kibongo akipata tuzo Ulaya, sisi waandishi ndio wa kwanza. Picha kubwa, tabasamu, kichwa cha habari "Mtanzania ang'ara". Na mimi nimo. Nimeandika habari za namna hiyo, nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kula chipsi.

Mchukulie Profesa Julie Makani wa Muhimbili. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer ya Uingereza. Haya, nani kati yetu anaweza kusema alipewa kwa kazi gani?

Kuanzia 2004 yeye na wenzake waliwaandikisha wagonjwa wa selimundu na kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Kufikia 2009 walikuwa zaidi ya 1,700. Wakaona kwamba kasi ya vifo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 5. Maana yake ni nini? Ukimngoja mtoto augue kwanza ndipo umpime, unaweza kuwa umechelewa.

Binamu yangu alipimwa akiwa na miaka 7. Kabla ya hapo aliitwa "mtoto wa upungufu wa damu". Shangazi alimpa vidonge vya madini chuma, matembele na juisi ya rosela. Majirani wakaongezea lao: mtoto karogwa. Kumbe chembe nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120, na yenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Damu ya dogo ilikuwa ikivunjika, na chuma cha chembe zilizovunjika hubaki mwilini. Basi vidonge vya chuma peke yake vingemsaidia nini? Tena anayeongezewa damu mara kwa mara hupokea chuma kama miligramu 200 katika kila chupa, na mwili hauna njia ya kukitoa chote. Kinarundikana kwenye ini na moyo.

Simlaumu shangazi. Alifanya alichokijua. Nalaumu kwamba miaka 7 yote hakuna aliyempa jibu.

Najua kuna mtu atasema, "Nchi yetu maskini, ndugu mwandishi." Hapana jamani. Siombi tiba ya kurekebisha vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, ambayo kule Marekani bei yake inazidi dola milioni 2. Naomba tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga. Akikutwa nao, apewe penisilini ya kinga hadi miaka 5, chanjo, na kliniki ya kudumu. Kuna na haidroksiyurea. Matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola yalitolewa 2018: watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu, na vifo pia.

Mwingine atasema dawa ni vijana wapime kabla ya ndoa. Wapime, vizuri sana. Wazazi wawili wenye kinasaba hicho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuzaa mtoto mgonjwa. Lakini yule aliyezaliwa jana usiku utamwambia nini? Kwamba baba na mama yake walitakiwa wapime?

Anthony Allison alipima damu za watu Kenya mwaka 1949, na 1954 akaonyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu ana kinga dhidi ya malaria. Tangu hapo damu zetu zimesomwa na zimejaza majarida. Nchini kwetu inakadiriwa watoto zaidi ya 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na bado kupimwa kabla ya kutoka wodi ya wazazi si jambo la kawaida kwa kila mtoto. Tunasomwa, hatutibiwi.

Nisieleweke vibaya, tuzo ni nzuri. Ila nadhani heshima ya mtafiti ni kutendea kazi alichokigundua. Kwa hiyo kuanzia sasa, waziri au mganga mkuu akituita kuzindua jengo, mimi nitauliza swali moja: hapa watoto wangapi wamepimwa selimundu mwezi uliopita? Waandishi wenzangu, tuulizeni wote. Wasipokuwa na jibu, hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa kwanza.

Nawasilisha.