Kamera Baadaye, Sikio Kwanza

Nimepotea kidogo, kazi ya mteja ilinibana. Leo sina habari za msimbo wala seva. Nataka tuzungumze juu ya sauti za filamu, na najua nitakayosema yatawaudhi baadhi ya rafiki zangu wenye kamera za bei ghali.

Maoni yangu ni haya: kijana anayetaka kutengeneza filamu na ajifunze misingi ya sauti kabla hajanunua kamera. Huku kwetu tunafanya kinyume. Watu wanaweka akiba miezi na miezi, wananunua kamera, lenzi, hata droni, halafu kazi ya sauti inaachiwa kile kimaiki kidogo kilichomo ndani ya kamera. Picha ikiwa na giza, mtazamaji atavumilia. Maneno yasiposikika, atainuka aende zake.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka 2016 binamu yangu alikuwa akitengeneza filamu fupi juu ya nyanya yetu. Nyanya alikuwa mmoja wa wale waliohamishwa kwa nguvu mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, wakapelekwa kuishi katika vijiji vilivyolindwa na askari. Miaka yote alikuwa hataki kuzungumzia mambo hayo. Siku hiyo alikubali. Mimi, kwa kuwa ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo, nikapewa kinasa sauti.

Nyanya alianza kwa sauti ya chini, nami nikaongeza nguvu ya maiki hadi mwisho. Hedifoni zilikuwa ndani ya mkoba. Nilijiambia, kama tunavyojiambia sisi waandishi wa programu kila siku, "nitarekebisha baadaye." Kisha nyanya akafika pale askari walipokuja alfajiri. Akapaza sauti, akaigiza amri zao, akaigiza kilio cha mama yake. Tulikaa kimya sote.

Usiku nilipofungua faili, sehemu hiyo yote ilikuwa ni mkwaruzo mtupu.

Ngoja niwaeleze kilichotokea, maana hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Sauti ndani ya kompyuta ni nambari tu. Kinasa sauti kinapima wimbi la sauti, kwa filamu mara 48,000 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kama nambari. Ukirekodi kwa biti 16, nambari kubwa kabisa inayoweza kuandikwa ni 32,767. Sauti ikizidi hapo, hakuna nafasi. Kinasa kinaandika 32,767, 32,767, 32,767, na wimbi linakatwa kichwa. Nilizipitia nambari zile moja moja. Sauti ya nyanya haikuwa imefichwa mahali nikaitafute. Haikuandikwa kabisa.

Nyanya alifariki mwaka uliofuata, kabla hatujarudi. Majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu nilikuwa mimi.

Basi misingi ni ipi? Si mingi.

Kwanza, vaa hedifoni kila unaporekodi, na uache nafasi juu. Maneno ya kawaida yakifika kilele karibu na desibeli -12, mtu akipaza sauti bado utakuwa salama.

Pili, sogeza maiki karibu na mdomo wa msemaji. Mahali pa wazi, ukiitoa mita 2 hadi mita 1, sauti yake inaongezeka takriban desibeli 6, lakini kelele za barabarani zinabaki vilevile. Hakuna kifaa utakachonunua kinachoshinda hatua hiyo moja.

Tatu, kabla ya kuondoka mahali popote, waombe watu wote wanyamaze, urekodi ule ukimya kwa nusu dakika. Kila chumba kina ukimya wake. Wa nyumba ya mabati si sawa na wa nyumba ya mawe. Utauhitaji kuziba nyufa utakapokuwa unakata na kuunganisha mazungumzo.

Nne, jifunze kutengeneza sauti usizoweza kuzinasa. Kazi hii Wamarekani wanaiita foley, kwa jina la Jack Foley wa studio ya Universal. Vifuu viwili vya nazi vinakupa kwato za farasi. Muwa ukivunjwa karibu na maiki unakupa mfupa uliovunjika. Ben Burtt alipokuwa akitengeneza sauti za Star Wars, filamu ya mwaka 1977, ule mvumo wa panga za mwanga aliupata kwa kuchanganya mlio wa mota ya projekta na mngurumo wa televisheni. Vitu vya kawaida kabisa, ila alikuwa na masikio.

Programu unayo tayari. Audacity ni ya bure, ni programu huria, na inakubali hata kompyuta kuukuu. Zoezi la kwanza halihitaji hata hiyo. Kaa stendi ya matatu dakika tano, fumba macho, kisha andika ulichosikia: makanga akigonga bodi ya gari, sarafu, mkaa wa mahindi ukipepewa. Orodha hiyo ndiyo ramani ya sauti ya filamu yako.

Najua kuna atakayenijibu kwamba siku hizi kuna vinasa sauti vya biti 32 ambavyo ni vigumu kuvizidia, na programu za akili bandia zinazosafisha kelele. Ni kweli, na mimi nazitumia. Lakini kinasa hicho hakisogezi maiki karibu na msemaji, na maiki yenyewe ikizidiwa, biti hazisaidii. Nayo programu ikiziba pengo lililokatwa, inakisia. Mlango ukisikika kwa kukisia, si neno. Sauti ya nyanya yangu sitaki ikisiwe.

Binamu aliimaliza filamu. Pale palipoharibika aliweka maandishi, sisi tuliokuwepo tukimsaidia kukumbuka maneno. Tuliitazama nyumbani, ukoo mzima. Mama yangu alisoma maandishi yale hadi mwisho, kisha akanigeukia akauliza, "Na sauti yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Wewe mwenye mzee nyumbani na simu mfukoni, hedifoni ziko wapi?