STAA UNALIPWA KUTOKEA TU UKUMBINI, FUNDI AKIJA KUANGALIA FRIJI UNAMWITA TAPELI?

Leo sina umbea wa nani kaachwa na nani. Leo nina hasira, kwahiyo mnivumilie.

Ile klipu mmeiona. Jina simtaji, hapa kwetu mnajua hatutajani, ila ni yule staa wetu wa muvi mwenye jiko la kioo kioo analolipostigi kila asubuhi. Friji lake la milango miwili liligoma, akaita fundi. Fundi akatoka Mbagala mpaka Mbezi Beach, akalisogeza friji, akakuta soketi ya ukutani imelegea na waya umeungua kwa ndani, moto haufiki vizuri. Akazima meni swichi, akatoa soketi mpya kwenye begi, akafunga, friji likawaka. Dakika kumi kazi imeisha. Akasema, "Dada, soketi elfu sita, na hela ya kuja na ufundi elfu ishirini." Dada akawasha kamera.

"Jamani dakika kumi elfu ishirini na sita, huu si wizi?" Alafu akamsogezea simu usoni yule kaka wa watu. Kaka kashika bisibisi yake anaangalia chini. Na nyie mkajaa kule, tapeli uyo, mafundi wote wezi, mchomeni. Wengine hata friji hamna, maji ya baridi mnanunua dukani kwa Mangi, ila mmo tu.

Sasa mimi nina maneno yangu kidogo.

Staa, wewe ukiitwa kwenye bethidei ya mtoto wa tajiri unalipwa hela ya kutokea tu. Hupiki, huimbi, hufagii ukumbi. Unaingia, unapiga picha tano, unakunywa juisi, unaondoka, na nusu ya hela umeshatumiwa kwenye simu kabla hujatoka kwako. Meneja wako anasema dada hatoki nyumbani bure. Mtu wako wa mekapu akimfuata bibi harusi nyumbani bei inapanda, maana kaacha saluni yake. Kote huko mnaelewa kwamba mtu kutoka kwake kuja kwako ni kazi. Ila akitoka fundi, ghafla mnakuwa wahasibu wa kuhesabu dakika!

Nawaambia hivi kwasababu naijua hii kazi. Kaka yangu wa tumbo moja ni fundi friji na viyoyozi, alisomea VETA. Mimi nilipomaliza fomu foo, na matokeo yangu hayawahusu, nilimbebea begi karibu mwaka mzima. Lile begi ni zito jamani. Kuna geji, kuna spana, kuna mtungi wa gesi, kuna vifaa vya kuchomelea, na siku nyingine kuna pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba. Daladala mbili, alafu bodaboda, maana nyumba zenu haziko barabarani. Mkifika getini mlinzi anawaweka juani mpaka apige simu ndani. Fundi anafungua friji, anapima, anakwambia ugonjwa. Alafu anasikia neno ambalo mafundi wote wa Dar wanalijua: "Sawa fundi, nitakutafuta." Kuna wiki tulitoka mara saba na watatu wakatuambia hivyo. Na wengine unakuja kusikia ule ugonjwa uliowatajia wamempa fundi mwingine wa jirani, aende moja kwa moja kwenye tatizo. Yaani wewe umekuwa daktari wa bure.

Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, hata wewe unayesema "mimi silipi hela ya kuangalia". Hiyo hela UNALIPA. Ukikataa kuilipa mlangoni, utailipa kwenye uongo. Fundi ana nauli imeshatoka na watoto wanataka kula. Ukimwambia huna hela ya kuja kwake, ataitafuta ndani ya spea. Soketi ya elfu sita inageuka "kompresa imeungua, laki mbili na nusu". Wewe ndo umemfundisha kwamba ukweli haulipi.

Mfano gesi. Friji la nyumbani gesi yake inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa, haiishi kama gesi ya kupikia. Ikipungua maana yake kuna sehemu inavuja. Fundi wa kweli anatafuta kwanza pa kuvuja, anaziba, ananyonya hewa na unyevu, ndo anajaza. Hiyo ni saa nzima au zaidi, na kutafuta pa kuvuja ni kuangalia huko huko mnakokataa kulipia. Kwahiyo unampata yule wa chapchap, anajaza dakika kumi na tano, friji linagandisha wiki mbili, alafu unaanza upya. Na kibaya zaidi, mafriji mengi ya siku hizi yanatumia gesi ya R600a, imeandikwa kwenye stika, na ile inashika moto. Mtu akichomelea bomba gesi ikiwa bado imo anaweza kukuunguza na familia yako. Hapo ndo unataka fundi wa bei ya kutupa?

Msidhani mimi ni malaika. Mwaka juzi nilipopanga chumba changu cha kwanza Sinza, feni ya juu ikawa inaunguruma haizunguki. Bro alikuwa mkoani. Nikaita fundi mmoja, akaniambia kuja kuangalia elfu tano. Nikamchamba kwenye simu, nikamwambia elfu tano nakula siku mbili. Nikampata mwingine, kuja bure. Kaja bure kweli, kapanda juu ya ndoo, kashuka, kasema mota imekufa, elfu arobaini. Nikalipa. Bro aliporudi akafungua akacheka mpaka akakaa chini. Mota ilikuwa ileile ya kwanza, kilichobadilishwa ni kapasita, kile kidude kidogo cha kuisaidia feni ianze kuzunguka, kinachouzwa buku chache Kariakoo. Nilikataa elfu tano ya ukweli nikalipa elfu arobaini ya uongo. Wahenga walisema rahisi ghali, mimi nilienda kuhakikisha.

Haya, mafundi msianze kushangilia, na nyie nina yenu. Mnatuudhi. Ukiulizwa bei kwenye simu unasema "tutaelewana bosi". Hatutaelewana! Hilo neno ndo linaleta ugomvi wote mlangoni. Sema kabla hujapanda daladala: kuja kwangu ni kiasi fulani, tukifanya kazi naikata humo au siikati. Mwenye simu akikataa, ubaki zako nyumbani, hujapoteza nauli. Alafu ile tabia ya kuchukua advansi ya spea na kuzima simu siku tatu, muache. Ile ya kuondoka na kifaa kibovu mfukoni, muache. Kaka yangu kifaa alichotoa anakuachia mezani ukishike, ndo maana wateja wake wanarudi. Na huyu kaka wa kwenye klipu kama kosa analo, ni hilo moja tu, hakusema bei kwenye simu. Lakini kutosema bei sio wizi jamani, na staa nae hakuuliza.

Kwahiyo wewe msomaji wangu, kabla hujapiga simu angalia vitu vya bure kwanza. Yuniti za LUKU zipo? Swichi imeshuka? Ukichomeka pasi kwenye soketi ileile inawaka? Ukiona soketi ina weusi au harufu ya kuungua, usiguse, zima meni swichi, ita fundi. Ukimpigia muulize maswali matatu tu: kuja shilingi ngapi, inakatwa kwenye ufundi au haikatwi, na spea unanunua wewe au nanunua mimi. Akifika kaa nae, mwambie akuonyeshe kilichoharibika. Kazi ikiisha dakika kumi, shukuru Mungu, hujakaa na nyama zinaoza kutwa nzima. Unalipia miaka aliyojifunza mpaka akajua pa kugusa.

Sasa kwanini nimekasirika hivi? Kwasababu yule kaka bro anamfahamu, wanakutana Gerezani wakinunua spea. Tangu ile klipu itoke, wateja wawili waliokuwa wameshamuita wamemwambia asije. Mmoja ni wa kiyoyozi cha ofisini, kazi ya wiki nzima. Mke wake ana mimba ya miezi minane. Staa ameshapata watazamaji wake na wiki ijayo ataposti kitu kingine, ila uso wa yule kaka utabaki kwenye simu za watu na neno MWIZI juu yake, kwa soketi aliyoifunga vizuri na inayowasha friji mpaka leo.

Dada, najua blogu hii unaisoma maana ulishawahi kutununia. Sikuombi msamaha wa kulia lia mbele ya kamera, hiyo nayo utaifanya kiki. Futa klipu. Alafu posti moja ya kawaida tu, useme fundi alikutengenezea na friji linagandisha. Uliposti akiwa anadhalilika, posti na kazi yake.

Na nyie mliocheka, shukeni hapo chini kwenye maoni. Mara ya mwisho fundi alikuja kwako akakwambia ukweli, ulimlipa au ulimwambia "nitakutafuta"? Semeni ukweli, nasoma yote.