Usonji una wazee pia

MWAMBAO WA TANGANYIKA
Na Ramadhani Kiza

Kila Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kwa ajili ya usonji, mabango hujaa sura za watoto. Si vibaya, mtoto akitambuliwa mapema husaidika. Lakini watoto hukua. Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, mtoto wa kwanza katika andiko la Dk. Leo Kanner la mwaka 1943 kuhusu usonji, alifanya kazi benki miaka mingi na kufariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kama Mississippi walikuwa na mzee wa namna hiyo, Kigoma na Ujiji tutamkosaje?

Hapa Kibirizi yupo bibi mmoja, mwanika dagaa. Sisemi ana usonji, kwa kuwa hakuna aliyempima, na kipimo chenyewe si cha damu: daktari hutazama mwenendo wako na kuuliza ulivyokuwa utotoni. Mtu wa miaka sabini na ushei, nani kabaki wa kuulizwa? Nasimulia ninachokiona tu. Ukimpa shikamoo, marahaba inakuja macho yakiwa kwenye dagaa, na wapo walioiita kiburi. Bei yake haibadiliki, uje na suti au uje na kandambili. Lumbesa hataki kuisikia: debe hulijaza, akapitisha ubao juu, basi. Dagaa wa chanjani hawachanganyi na wa mchangani, hata wakiletwa na ndugu yake. Ndiyo maana wapo wachuuzi wanaomtumia pesa bila kuja kuuona mzigo, heshima ambayo wasemaji wetu wa mwaloni hawana.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, chanja zilikaa tupu. Yeye alifika alfajiri kama kawaida, akafagia, akakaza waya, akaondoka. Watu wakacheka.

Anaye mjukuu, na huyo ndiye aliyepimwa: ana usonji. Spika za harusi zikifunguliwa, mtoto huziba masikio na kupiga mayowe. Shangazi mmoja atamkaripia, mwingine atatafuta fimbo. Bibi hamuulizi mtu. Humshika upindo wa shati, maana kushikwa mkono mtoto hapendi (na bibi mwenyewe hapendi), wakaenda zao kwenye michikichi nyuma ya nyumba, wakakaa bila neno. Baada ya muda mayowe yamekwisha. Semina hakuhudhuria. Nadhani anajua kelele ile inavyouma, na wataalamu wanasema usonji kwa sehemu kubwa hurithiwa.

Kwa hiyo wauguzi na walimu, mkiletewa mtoto wa aina hii, mwiteni na babu au bibi yake. Msimchunguze, muulizeni huwa anafanyaje. Nanyi wenye harusi Kibirizi, punguzeni sauti.