Mwalimu Kwanza, Chombo Baadaye



Mwezi Agosti 2022 taifa letu la Tanzania lilihesabu watu wake. Makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi. Karani hakupewa chombo akaambiwa, "Nenda, utajua mbele ya safari." Alikalishwa darasani, akaelekezwa, akafanyishwa mazoezi, ndipo akatumwa. Sensa ilipokwisha, Serikali iliamua vishikwambi hivyo vigawiwe kwa walimu. Uamuzi huo ulikuwa mwema, nasi hatuoni haya kuusifu. Lakini katika shule tunazozifahamu, mwalimu alitia sahihi daftarini, akakabidhiwa chombo, akarudi kituoni kwake. Je, aliyekwenda kuhesabu vichwa vya watu alistahili kufundishwa kuliko anayekwenda kuvifumbua?

1. Tuliyoyaona

Tumemtembelea mama mmoja, mwalimu wa darasa la tano, aliyefundisha kwa chaki zaidi ya miaka ishirini. Kishikwambi chake alikuwa amekifunga kwa kitambaa na kukiweka sandukuni. Alituambia kwamba anaogopa mambo mawili: kikiharibika atakatwa mshahara, na akikosea kukiwasha mbele ya watoto watamcheka. Darasani mwake wamo watoto tisini. Kifurushi cha intaneti hununua kwa fedha zake mwenyewe. Siku mkaguzi alipokuja, aliulizwa kwa ukali mbona hatumii TEHAMA katika masomo yake. Hakuulizwa nani alimfundisha kuitumia.

Tunasema wazi: huo ni uonevu. Kumdai mtu mavuno ya shamba ambalo hakupewa mbegu wala jembe si haki, hata kama anayedai amevaa tai na kubeba waraka.

2. Wanaosema walimu ni wavivu

Wako wasemao kwamba walimu wetu ni wazito wa kujifunza, na kwamba vijana watajifundisha wenyewe. Hoja hii haina miguu. Walimu hao hao hutuma na kupokea fedha kwa simu kila wiki, na hawakusomea chuoni. Walijifunza kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na faida iliyoonekana, na jirani alikuwapo wa kuwaelekeza. Kujua kubonyeza kioo ni kazi ya siku moja. Kujua ni wakati gani wa kipindi picha itamsaidia mtoto kuelewa, na wakati gani itampumbaza, hiyo ni kazi ya ualimu, nayo hujifunzwa polepole, kwa kujaribu, kukosea na kurekebishwa. Na kijana anayejifundisha mwenyewe bila mwalimu atajifunza kweli, lakini atajifunza kile ambacho wauzaji wa matangazo wanataka ajifunze.

Wako pia wasemao, "Madawati kwanza, matundu ya vyoo kwanza." Hao tunawaheshimu, maana wanasema kweli juu ya shida zetu. Hata hivyo tunawajibu: chombo kimekwisha kufika shuleni. Kukiacha sandukuni hakuongezi dawati hata moja.

3. Tulikwisha kujua njia

Nchi yetu haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitumia redio, chombo kipya kwa vijiji vingi vya wakati ule, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kabla ya redio kusema neno, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa. Wanakijiji walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Aliyefanya kazi ni yule kiongozi aliyeandaliwa, aliyekaa katikati ya wenzake na kuuliza, "Basi sisi tufanyeje?"

Hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa juu ya kazi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mtu hutangulia chombo, na chombo kipo kwa ajili ya mtu. Anayegeuza utaratibu huo humfanya mwalimu kuwa mtumishi wa kioo.

4. Inawezekana

Mama tuliyemtaja alipata mwenzake kijana katika shule jirani. Kwa Jumamosi sita walikaa pamoja, bila posho. Leo darasa lake limegawanywa makundi sita. Kundi moja linatazama kishikwambi kwa zamu. Matano yanafanya kazi kwa majani, mawe na madaftari. Huwarekodi watoto wakisoma kwa sauti, kisha huwasikilizisha. Mtoto hujisikia alipojikwaa, akarudia mwenyewe. Vitabu vya kiada vilivyomo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania huvipakua mara moja penye mtandao, akavitumia mwezi mzima. Haya hayakuletwa na kishikwambi, bali na Jumamosi sita.

5. Tunadai, na tunajidai

Utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) unataka walimu wakutane shuleni kwao wafundishane. Tunadai usibaki kwenye makaratasi: saa za kujifunza ziingizwe ndani ya saa za kazi, intaneti ya kufundishia isilipwe na mshahara wa mwalimu, na chombo kinachoharibika kazini kisiwe deni lake.

Lakini tusinyooshe kidole kwa Serikali peke yake. Zipo shule zetu za Kanisa zinazotoza wazazi ada ya kompyuta ilhali chumba cha kompyuta kimefungwa kwa kufuli na vumbi limetanda. Hilo nalo ni dhuluma, na kuwa chini ya msalaba hakulitakasi. Parokia zetu zina kumbi, zina umeme, zina vijana waliosoma mambo haya. Tunashindwaje kufungua mlango siku ya Jumamosi?

Mwalimu akiachwa peke yake na chombo kigeni, hasara si yake tu. Mtoto wa mjini mwenye wazazi wa uwezo atafundishwa nyumbani; mtoto wa mkulima atabaki akimwangalia mwalimu anayeogopa sanduku. Hapo ndipo pengo linapochimbwa, kimya kimya, kipindi kwa kipindi.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, tunawajua walimu wanaoishi katika jumuiya yetu? Tumewahi kuwauliza wanahitaji nini?
2. Ni nani kati yetu anayeweza kumfundisha mwalimu mmoja, Jumamosi moja?
3. Kamati ya shule yetu ilipokutana mara ya mwisho, ilijadili vifaa tu, au ilimjadili pia atakayevitumia?