Metali Bila Mngurumo

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, rumeti wangu alihama chumba kwa sababu ya wimbo. Hatukuwa tumegombana hata siku moja. Bumu likichelewa tulikuwa tunagawana unga, na likiingia tulikuwa tunashuka wote Mbuyuni kutafuta viatu vya mtumba. Siku hiyo nilikuwa nasoma huku simu inapiga gitaa taratibu kwenye spika ndogo, maana hedifoni zangu zilikuwa zimekufa sikio moja. Nikapitiwa na usingizi. Wimbo niliouchagua ukaisha, programu ikaruka yenyewe kwenda bendi nyingine, na saa tano usiku mwanaume akaanza kunguruma chumbani kwetu kama ng'ombe anayechinjwa.

Mwenzangu aliamka anakemea. Kesho yake akaenda kwa mtu fulani kuombewa, akaambiwa mimi nimeshajiunga na mambo. Kesho kutwa akabeba godoro. Kwa wiki mbili nikawa stori ya korido, na hata wale wa kuniazima pasi wakaanza kusema imeungua.

Sasa niseme ukweli: ule mngurumo mimi mwenyewe siupendi. Simwoni kama shetani yule anayeuimba; ni ufundi wa koo, watu wanaufanyia mazoezi miaka wasije wakaharibu sauti. Ila siwezi kusoma nadharia za Piaget huku mtu ananiungurumia sikioni. Ninachokipenda ni gitaa. Lile gitaa zito la umeme linalorudia mstari mmoja mpaka kichwa kinatulia, na drams zinazokuja chini yake kama mvua ya masika kwenye bati. Kwa hiyo baada ya rumeti kuondoka nikajiuliza: hevi metali isiyonguruma ipo? Au ipo ya ala tupu, bila mtu kuimba kabisa?

Nilipomuuliza kaka mmoja hapa chuoni anayejiita mjuzi, alicheka. Akasema metali bila mngurumo ni mtori bila nyama. Nikaamini karibu mwezi mzima, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu hakuwa anajua historia.

Albamu ambayo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa muziki huu ni ile ya kwanza ya Black Sabbath, ya Birmingham, Uingereza, iliyotoka Februari 13, 1970. Ozzy Osbourne haungurumi humo hata mara moja. Anaimba, tena sauti yake ni nyembamba. Uzito wote uko kwenye gitaa la Tony Iommi, na gitaa hilo lina kisa chake. Iommi alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ambao yeye, kwa kuwa anapiga kwa kushoto, ndio wa kubana nyuzi. Akajitengenezea ncha za plastiki. Baadaye akaanza kulegeza nyuzi zisimuumize, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito. Mngurumo ulikuja kushika kasi miaka ya 1980, na ulikuja kwenye matawi tu ya mti huu.

Na kwa wale wanaosema muziki huu hautuhusu: Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar, Mji Mkongwe, mwaka 1946. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1974 bendi yake ya Queen ilitoa wimbo wa kasi na gitaa kali unaoitwa "Stone Cold Crazy", na Metallica wakaja kuurudia wao wakapata tuzo ya Grammy mwaka 1991. Mtoto wa Unguja ana mkono wake humu, tena kwa sauti safi kabisa.

Ila kilichoniokoa mimi ni ala tupu. Anza na Metallica hao hao, wimbo "Orion" wa mwaka 1986. Ni dakika nane na ushee, hakuna neno hata moja. Katikati gitaa zinanyamaza, besi ya Cliff Burton inabaki inatembea peke yake polepole, halafu wengine wanaingia mmoja mmoja. Burton alifariki mwaka huo huo kwa ajali ya basi huko Sweden, na wimbo huu ndio uliopigwa kwenye mazishi yake. Mimi nilijua hilo baada ya kuusikiliza mara kama ishirini, na nikaelewa kwa nini ulikuwa unanifanya nikae kimya.

Halafu kuna Animals as Leaders. Kiongozi wao, Tosin Abasi, ni Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, na anapiga gitaa la nyuzi nane. Hawana mwimbaji. Wakati mwingine anapiga nyuzi kwa kuzichapa kwa dole gumba, na hapo gitaa linakuwa ngoma. Mtu anayecheza singeli, muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika, asiniambie hawa wana fujo. Apocalyptica wa Finland walianza kama wanafunzi wa muziki wa Helsinki, wakatoa albamu mwaka 1996 wakipiga nyimbo za Metallica kwa selo nne. Na Russian Circles wa Chicago, watu watatu tu, nyimbo zao karibu zote hazina maneno. Zinapanda kama daladala ya Kibosho asubuhi: gia ya kwanza, mizigo juu, watu wamebanana, unadhani haifiki, halafu ukungu unafunguka na Kibo iko mbele yako.

Kama unataka kuimbiwa lakini bila kuungurumiwa, tafuta kwa jina la tawi, maana bando ni ghali na huwezi kuonja kila kitu. Ukiona "power metal", kwa kawaida utapata sauti za juu zinazoimba kama kwaya. "Doom" ni ya polepole na bendi nyingi humo zinaimba vizuri tu. Sikiliza Candlemass wa Sweden. Iron Maiden hawakuangushi. Ukiona "death" au "black", jiandae kwa mngurumo au mayowe. Ukitaka ala tupu, ongeza neno "instrumental" kwenye utafutaji. Na zima ile sehemu ya kucheza wimbo unaofuata wenyewe. Mimi ilinigharimu rumeti.

Jirani zetu Nairobi wana bendi za muziki huu miaka mingi sasa. Last Year's Tragedy wanachanganya kuimba na kupiga mayowe. Duma, wawili waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni mayowe mwanzo mwisho. Sisi tukisikia duma tunawaza mnyama wa Serengeti. Wao wamelitoa kwenye Kikikuyu, wakimaanisha giza. Siwasikilizi usiku. Lakini nafurahi muziki wao upo, na sitaki mtu asome makala haya aseme nimewakana. Kuchagua usichokipenda siyo kukihukumu.

Kuna kitu kingine. Hapa mlimani hatukupaswa kabisa kuuliza muziki bila maneno una maana gani. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Walutheri wa huku wana vikundi vya matarumbeta mpaka leo. Msibani vijana wanapuliza, jeneza linapita katikati ya migomba, na hakuna anayeuliza maneno yako wapi. Babu yangu alipuliza lile tarumbeta kubwa la besi mpaka meno yalipoanza kumtoka. Likizo iliyopita nilimwekea "Orion" kwenye kibaraza. Alisikiliza mpaka ile sehemu ya besi, akaniuliza, "Huyu wa chini ni nani?" Nikamwambia alishafariki. Akasema, "Basi rudisha nyuma kidogo."

Hakuniuliza kama ni wa kanisa au siyo. Mtu wa mwaka wa kwanza pale hosteli, mwenye simu na intaneti, aliniuliza hilo kabla hata ya salamu.

Rumeti wangu hakurudi chumbani, nisije nikadanganya. Ila muhula uliopita tulipangiwa mazoezi ya kufundisha shule moja, tukapanga nyumba moja na wenzetu wawili. Usiku tunaandika maandalio ya somo mezani, umeme ukiwepo. Wiki ya tatu, nikiwa nimevaa hedifoni mpya, alinigusa bega akauliza nasikiliza nini. Nikampa upande mmoja. Ilikuwa Russian Circles. Akasubiri, nikajua anasubiri yule mtu aanze kunguruma. Dakika tano zikapita.

"Haimbi?"

"Hakuna mwimbaji."

Akaendelea kuandika malengo mahususi ya somo lake la Jiografia, na hedifoni yangu hakuirudisha mpaka umeme ulipokatika.