Tope la Msimbazi Lina Ushahidi Tusiotaka Kuusikia

Kila mvua kubwa inapofunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, mchuuzi anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo husimama akiyatazama maji, nasi wasomi na watumishi wa umma hurudia hotuba ileile: takataka zimeziba mto, wananchi wamejenga mabondeni. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine imelala katika tope la mikoko, Msimbazi unapoingia baharini karibu na Daraja la Selander, na katika mijadala yetu haiitwi kutoa ushahidi.

Tope la mikoko huhifadhi chavua ya miti hiyo na magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja, wengi wao wadogo kuliko punje ya mchanga. Kila spishi ina kimo chake: wengine huishi mahali panapofikiwa na maji ya bamvua tu, wengine panapofunikwa kila siku. Mtafiti huwachunguza kwanza walio hai leo, kimo kwa kimo. Kisha huzamisha bomba topeni, akahesabu magamba ya kila tabaka na kupima umri wake kwa kaboni 14. Hapo hujua bahari ilifika wapi karne nyingi zilizopita.

Si ndoto. Mwaka 2013 Paramita Punwong, Robert Marchant na Katherine Selby walichapisha uchunguzi wa chavua kutoka delta ya Rufiji, ulioonesha jinsi mikoko ilivyohama pamoja na mabadiliko ya kina cha bahari katika maelfu ya miaka. Kumbukumbu za kipimo cha maji ya bahari cha Zanzibar, kwa kulinganisha, zinaanzia 1984.

Nitaambiwa: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, nawe watuletea magamba ya viumbe waliokufa? Najibu hivi. Sisemi kwamba bahari ndiyo chanzo kikuu cha mafuriko ya Jangwani. Nasema mto hauwezi kumwaga maji yake vizuri baharini bahari ikiwa imejaa. Anayepanga kimo cha daraja bila kujua mwenendo wa bahari anabahatisha. Tulijenga kituo cha mabasi yaendayo haraka ndani ya bonde lilelile, kikafurika tena na tena. Hilo ndilo tunda la kupanga kwa kumbukumbu fupi.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kuendeleza Bonde la Msimbazi: daraja jipya, kuchimba mto, kuinua ardhi. Naunga mkono. Lakini mtambo ukishapita, matabaka huvurugika na ushahidi haurudi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inadai tathmini ya athari kwa mazingira. Nadai sharti moja zaidi: popote tope la mikoko linapotaka kuchimbwa au kufukiwa, sampuli zitolewe kwanza, zihifadhiwe hapa nchini, na matokeo yawe wazi kwa kila mwananchi.

Mchuuzi wa Magomeni hahitaji kulijua jina la foraminifera. Ana haki ya kujua kwamba aliyetia saini kimo cha daraja analovuka aliuliza kwanza.