Juu ya Ordinatere Yetu: Kiini cha Nne Kifungwe, Chumba Kisifungwe



Tangu juma lililopita watu wanatusimamisha njiani, wanauliza: ordinatere ya masomo imekufa ao haijakufa? Tunajibu hapa mara moja kwa wote. Haikufa. Iko nzima, lakini ilikuwa inadanganya. Na sisi tunaoandika mistari hii tulijua jambo hilo mbele ya wakubwa, tukanyamaza. Tutafika hapo. Kwanza tueleze mambo yenyewe, juu maneno mingi yanayopita katika dortwari hayana kichwa wala miguu.

Kila mtu anajua kwamba hii mashini haikununuliwa mupya. Wenzetu wa elektronike waliiunga kwa vipande vilivyokwisha kutumika: sanduku tupu, karti-mere yenye chipu ya SB710, memori mbili, na prosesa ya AMD inayoitwa Phenom II X2 550. Hiyo prosesa ilianza kuuzwa katika mwezi wa sita 2009, wakati sisi wafinaliste tulikuwa tukijifunza kutembea. X2 maana yake viini viwili. Kiini ni kama karani katika biro: biro yenye makarani wawili inafanya hesabu mbili kwa wakati moja, kila karani na yake.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawakujua. Ndani ya kile kipande cha silisiamu hakuna makarani wawili. Wako wane. AMD walitengeneza kipande cha namna moja, chenye milimeta za mraba 258 na transista milioni 758, kisha wakakipima. Kinachopita majaribu yote kinauzwa kwa jina la X4. Kama kiini kimoja ni kibaya, kinafungwa, na kipande kinauzwa X3. Vikifungwa viwili, kinakuwa X2. Bei nayo inashuka: mwaka ule wa 2009 X4 955 ilianza kwa dola 245 huko Marekani, na 550 yetu kwa dola 102. Lakini si kila kiini kilichofungwa ni kigonjwa. Kiwanda kikiombwa X2 nyingi kuliko vipande vibovu vilivyopo, vinafungwa na vizima pia. Mwenye kununua hawezi kutofautisha. Juu ya kifuniko maandishi ni yale yale.

Na namna ya kufungua ilipatikana kama kwa bahati. Mwaka 2008 AMD waliweka katika chipu ya SB750 kitu kinachoitwa Advanced Clock Calibration, kwa ajili ya watu wanaopenda kukimbiza prosesa zaidi ya mwendo wake. Mwanzo wa 2009 watu wakaona kwamba wakiwasha hicho kitu, viini vilivyofungwa vinaamka. SB710 yetu inacho pia. Wenzetu waliingia katika BIOS usiku moja, wakaweka "Auto", wakawasha tena. Ekrani haikuandika tena 550. Iliandika Phenom II X4 B50, jina ambalo halikuuzwa dukani hata siku moja. Kelele ya furaha ilisikika mpaka kule jikoni.

Hatuwacheki. Sisi pia tulipiga makofi. Video ya kwaya iliyokuwa ikichukua saa moja na zaidi kugeuzwa ikachukua dakika 40. Kwa kuandika barua tu hakuna faida, tuseme ukweli: mwenye kuandika kwa vidole viwili, hata makarani wane watamungojea yeye.

Kuna waliosema kwamba kufungua ni kuiba. Hatukubali. Kipande ni chetu, na hakuna aliyevunja kufuli la mtu. Tena katika 2010 kampuni ya Intel ilijaribu kuuza karatasi yenye namba ya siri, dola 50, ili mwenye Pentium G6951 afungue uwezo uliokuwa tayari ndani ya prosesa aliyokwisha kuilipa. Watu walinung'unika sana, na katika 2011 wakaacha. Mambo ya wizi tuyaache. Swali letu ni ingine: je, karani aliyeamshwa anajua hesabu?

Juma la tatu, fichié ya pointi za darasa la nne ilikataa kufunguka. Kesho yake mashini ikaganda katikati ya kazi. Wakasema ni umeme. Hapa kwetu umeme unabeba dhambi za kila mtu, hata zile ambazo haukufanya. Wengine wakasema virusi. Hakuna aliyesema viini, juu kila mtu aliona ekrani ikiandika X4, na akaona ni vizuri.

Basi katika mapumziko, tukiwa na ruhusa na jenereta, tulipima. Tulitumia Prime95, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa za Mersenne, kazi ambayo watu wengi duniani wanaifanya pamoja tangu 1996. Inafaa kwa kupima juu inafanya hesabu nzito ambazo jibu lake linajulikana mbele. Tukafunga kila kazi kwa kiini chake. Cha kwanza, cha pili na cha tatu walikwenda saa sita bila kosa. Cha nne kilisimama kwa dakika ya 47. Programu iliandika kwamba ukadirio ulikuwa 0.5, na ulipaswa kuwa chini ya 0.4. Wale wa hesabu watafahamu upesi: jibu lazima liwe namba nzima, lakini mashini inapitia desimali, kisha inasogeza kwenye namba nzima ya karibu. Ukiwa umesimama nusu kwa nusu kati ya 15 na 16, utasogea upande gani? Yeye alichagua tu.

Wenzetu wakasema: tumuongezee umeme. Tukapandisha kutoka volti 1.35 mpaka 1.40. Kiini cha nne kikaenda saa mbili na dakika kumi, kisha kikakosa tena. Na hiyo volti haiendi kwa kiini kimoja: vyote vine vinakunywa katika kikombe kimoja. Joto linapanda kwa kipeo cha pili cha volti, ni kusema karibu asilimia 7, kwa wote, juu ya mugonjwa moja. Tena kiwanda kiliandika 80 wati kwa X2 550, lakini X4 955 iliandikiwa 125. Radiateri yetu ni ile ndogo, na ventilateri yake ilikuwa imejaa vumbi kama blangeti. Kitu kingine kibaya: ukifungua viini, prosesa inaacha kusema joto la kweli la viini vyake. Unabaki na kipimo cha karti-mere pekee, na mukono wako.

Maoni yetu njo haya. Mashini inayoganda haituogopeshi sana. Karani anayelala kazini unamuona, unamuamsha. Wa kuogopa ni yule anayeandika saba na nane ni kumi na sita, anatia sahihi, anaweka karatasi katika kabati. Fichié ile ya darasa la nne iliandikwa, ikahifadhiwa, na mashini haikusema neno. Tulijua siku ile tu ilipokataa kufunguka. Kama ingefunguka na namba moja imegeuka, nani angejua? Mtoto angekwenda nyumbani na pointi zisizo zake, na baba yake angemuchapa ao angemununulia viatu.

Kwa hiyo kiini cha nne kifungwe, tena leo. BIOS yetu inaruhusu kufunga kiini kimoja kimoja. Juu ya kile cha tatu, wenzetu wanalia kwamba kilipita saa sita. Tunawaheshimu, lakini saa sita ni usiku moja mufupi. Kipite saa 24 kwa volti ya kawaida, na memori zipite Memtest86 kutoka jioni mpaka asubuhi, ndipo tutazungumza. Kikidai volti zaidi, kibaki gerezani. Na kazi ya pointi na karatasi za Egzameni ya Serikali ifanywe kwa viini viwili tu, vile ambavyo kiwanda kilivipima.

Lakini tumesikia kwamba katika mukutano wa siku ya posho walimu watapanga kufunga chumba kabisa, na kukataza mwanafunzi yeyote kugusa sanduku la mashini. Bwana Prefe, kwa heshima yote, hapo hatuko pamoja. Mashini hii ipo juu wanafunzi waligusa. Bila mikono yao ingekuwa bado ni vipande ndani ya karton. Kosa halikuwa kufungua viini. Kosa lilikuwa kufungua usiku, kutopima, na kutosema. Kufuli la mlango halitengenezi hata moja kati ya hayo matatu. Tunaomba badala yake kaye moja, ifungwe kwa kamba kwenye meza: mwenye kubadilisha kitu katika BIOS aandike siku, saa, alichobadilisha na jina lake. Na kila fichié ya pointi iwekwe pia katika kle mbili, moja kwa biro ya Bwana Prefe. Tulimuuliza mwalimu wa fizike kama atakubali kusimamia, akasema atakubali kama vumbi itatolewa mbele.

Sasa juu yetu. Majuma mawili mbele ya fichié kuharibika, mwenzetu moja alituambia kwamba mashini iliganda mara mbili usiku, na kwamba alidhani ni viini. Tulimwambia angojee. Tulitaka video ya kwaya iishe mbele ya sikukuu. Ilikwisha, mukaicheka na kuipigia makofi, na mwalimu wa darasa la nne akapoteza pointi za wanafunzi 52. Ameanza kuziandika tena kwa mkono, usiku, kwa taa ya simu. Hakutuuliza kitu, na hilo limetuumiza kuliko kugombezwa.

Tunamuomba radhi hapa mbele ya wote. Tumekubaliana naye kwamba tutaandika sisi, kwa viini viwili, kila siku kisha masomo. Wadogo wetu wa darasa la nne, kama bado munazo karatasi zenu za interogasio za mwezi uliopita, tafazali muzilete kwa chumba cha kwanza cha dortwari ya wafinaliste mbele ya siku ya posho. Tumefika namba 31.

Doyen wa wanafunzi